Milango ya Ami Swaleh

Jumatatu, 3 Februari 1986

Joto halina huruma. Kaunta ya hoteli tangu alfajiri: funguo, bili, wageni na malalamiko ya mbu. Bwana Paolo, yule Mtaliano mfanyabiashara, kanikamata tena kwa maswali. Yuataka milango kumi na miwili ya nakshi ya kupeleka kwao. Avae nini akienda kwa watu? Atoe mkono upi? Nimemwambia: suruali ndefu, mkono wa kulia, viatu nje, na salamu kwanza hata akiwa na haraka. Asikiliza kuliko ndugu zangu.

Nimemtajia Ami Swaleh, mdogo wake baba, fundi wa milango ya nakshi. Ami hajapata kazi ya maana tangu mwaka jana. Akiikosa na hii atafunga karakana, na mafundi wake wawili warudi kwao Gede. Yeye hajaniambia neno. Kaniambia mkewe, akilia.

Jumanne, 4 Februari

Sokoni na Bwana Paolo. Nimemfunza kupatana bei. Taja nusu. Cheka. Ukikataliwa shukuru, uondoke polepole, utaitwa. Kwenye duka la kanga kaitwa kabla hajafika barabarani. Furaha yake, utadhani kaokota dhahabu. Nami nikajiona mwalimu.

Jumatano, 5 Februari

Nina hasira hata kalamu yanikwama.

Nimempeleka kwa Ami. Si karakanani, nyumbani. Kahawa, halua, kaimati za moto. Bwana Paolo kafanya yote sawasawa, mpaka salamu. Kashika mbao za mbambakofi za mlango wa nyumba, kasifu nakshi. Ami kataja bei. Bei ya kidugu, isiyo na cha kupunguza, kwa kuwa mgeni kaja na mimi na keshakula kwake.

Bwana Paolo kataja nusu. Akacheka. Ami kasukuma kando kikombe chake. Mgeni akashukuru, akavaa viatu, akatoka polepole.

Nikainuka nimwite. Ami akasema, "Kaa, mwanangu. Mtu ala kwangu kisha anipa kisogo? Mimi sinadi milango."

Nikakaa. Mungu wangu, nikakaa kweli. Kutoka dirishani nilimwona pale pembeni, anangoja aitwe.

Alhamisi, 6 Februari

Nimemweleza Bwana Paolo yote. Ile ndiyo bei ya mwisho. Nyumbani mwa mtu si dukani. Arudi tu, aombe radhi, yatakwisha. Kanikonyeza jicho. Eti mimi mpwa mwema, namtetea ami yangu, na yeye mwanafunzi mwema, hanaswi. Nilitaka kumtupia funguo.

Mchana nikaenda kumsihi Ami. Amtume mtu akamwite mgeni, yeyote, hata mimi. Kasema mlango wake haufungwi, mwenye kuja na aje. Mkewe hakunitazama.

Mmoja angoja hotelini. Mwingine angoja nyumbani. Nami katikati, nawachukia wote wawili.

Ijumaa, 7 Februari

Bwana Paolo kachukua teksi kwenda Mombasa. Hakuniaga.

Jumamosi, 8 Februari

Karudi kuchukua mizigo. Kapata milango yake kumi na miwili huko. Nilimuuliza bei. Ghali kuliko ya Ami, na mbao, kwa alivyozieleza, hafifu. Lakini walimwita! Kaniambia hivyo kwa fahari, akanipa kitambaa cha hariri kwa mafunzo yangu. Nimekipokea kwa mikono miwili, nikamtakia safari njema. Kisha nikajifungia chooni nikalia.

Jumapili, 9 Februari

Nimekwenda kwa Ami. Karakana imefagiwa. Mafundi wameondoka asubuhi na patasi zao.

Nikasema shikamoo. Akaitika marahaba kama siku zote, akanisogezea kiti. Nilingoja anigombeze. Angenigombeza ningepumua. Tukakaa. Jirani alikuwa akitwanga kitu.

Baadaye akauliza, "Mgeni wetu kasafiri salama?"

"Naam, ami. Salama."

"Alhamdulillahi," akasema, akamwita mkewe alete chai.