Vidonge kwenye kopo la skrubu

Jumanne, 4 Machi 2025
Kliniki. Virusi vya UKIMWI havionekani kwenye damu yangu — mwaka wa kumi na nne huu. Nikamwuliza musawo Rumaisa, daktari wangu: sasa vimeenda wapi? Amefunga Ramadhani lakini hakunichoka. Akachora nyuma ya kadi yangu. Kirusi kinajiandika ndani kabisa ya seli ya kinga, kisha kinalala. Kikilala hakizaani, kwa hiyo dawa haina cha kuzuia. Na seli zenyewe ni zile zinazokumbuka magonjwa ya zamani. Zinaishi miaka na miaka.
Kumbe!

Alhamisi, 6 Machi
Nimeshinda Bukoto nikitengeneza friza ya Umar mwenye bucha. Akili iko kwa ile kadi. Rumaisa alisema seli ikiitwa kazini, tuseme imeingia homa inayoijua, inaamka, na kirusi kinaamka nayo. Je, kama seli zangu zenye kirusi zilishakufa zote? Nani ameangalia? Friza utajuaje inashika baridi kama hujaichomoa ukasubiri?

Jumapili, 9 Machi
Adero kaniwekea kidonge kwenye kisahani cha chai, kama kila asubuhi. Yeye, mke wangu, hana virusi, na tunatafuta mtoto. Nikakitia mfukoni. Sasa kiko kwenye kopo la skrubu. Wiki mbili tu, nione.
Kitandani nitasema mgongo unauma, nisimguse. Ujinga wangu una mpaka.

Jumatano, 19 Machi
Mzima kabisa. Nakula, nabeba kompresa. Nafurahi — halafu naogopa. Kirusi kikiamka nitasikia nini? Adero anauliza huu ni mgongo gani usiopona. Amenunua mafuta, akanikanda. Nilijisikia vibaya sana.

Ijumaa, 21 Machi
Nikampigia Rumaisa, ati nina rafiki fundi ameacha dawa. Akasema hata waliokaa miaka virusi havionekani, wengi vinawarudia ndani ya wiki chache tu. Na mtu anaweza asisikie kitu. Kisha akasema: Wandera, njoo leo, na mkeo ajue.
Nimeenda. Wamenitoa damu, nikameza kidonge cha leo mbele yake. Adero sijamwambia.

Jumatatu, 24 Machi
Mpini wa kikaango ulilegea, Adero akatafuta skrubu. Akavikuta vidonge. Akavipanga mezani, vyote kumi na viwili. Hakupiga kelele. Nikamweleza kila kitu: seli, usingizi, friza. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza mbona sikumwuliza kama na yeye alitaka kujua.
Akavaa viatu, akaniambia twende kliniki.
Sasa tuko kwenye benchi ya kliniki. Rumaisa ametoka na karatasi yangu ya majibu. Adero akanyoosha mkono, nikamwachia. Imekunjwa, ameishika kwa mikono miwili. Anasema ataifungua akiwa tayari. Namwonea huruma, na aibu imenijaa. Namba ya virusi iko pale, kando ya goti langu.
Na bado nataka kujua —