Sindano Waliyoifuta kwenye Picha

Chumba cha nyuma ya duka la Mama,
Jumapili, tarehe 14, baada ya chakula cha mchana

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta umekaa, maana ukiisoma umesimama utaiacha katikati ukimbilie jikoni. Goti lile la kulia limetulia? Na Baba Mdogo bado anabishana na redio? Sisi huku hatujambo. Mimi na friji za watu tunaendelea kuvumiliana, na mama ni mzima kuanzia utosini hadi kwenye ncha za vidole. Vidole nimevitaja makusudi, utaona.

Mafuta ya kuchua uliyompa jirani yako muuguzi atuletee yamefika Jumatano, tyubu mbili, pamoja na karatasi yako. Ahsante kwa huruma yako. Umeandika kwamba binamu yangu dereva alikuambia mikono ya dada yako imekwisha, na kwamba hata mikono iliyo kwenye boksi imekukumbusha ya kwake. Mama Mdogo, ni ya kwake. Mama ameisoma karatasi hiyo mara tatu, na kila mara amecheka mpaka akajifuta machozi kwa futi ya kupimia.

Ningepiga simu, lakini nyinyi wawili mkishasikiana sauti hakuna habari inayofika mwisho. Halafu kuna kitu nimekifunga humu ambacho simu haiwezi kukibeba.

Unaujua ugonjwa wangu wa picha. Tangu niliponunua ile kamera ya mtumba, nikitoka kazini napiga picha mikono ya watu wakiwa kazini, kinyozi, fundi viatu, mama wa mboga, kisha naziweka mtandaoni kwenye kikundi chetu cha watu wanaopenda picha tu. Mwaka jana nilimpiga mama akishona pindo la gauni jeupe karibu na dirisha. Kidole gumba na viwili vimebana sindano, cha mwisho kimejikunja kushikilia uzi, na juu ya kifundo inaonekana alama yake ya kuunguzwa na pasi. Watu waliisifu, nami nikavimba kichwa wiki nzima.

Miezi mitatu iliyopita wateja wakaanza kupungua, tena walipungua kwa namna ya ajabu. Hakuna aliyelalamika. Walikuwa wapole mno. Yule mwalimu wa nyumba ya pili, ambaye mama amemshonea tangu sare ya darasa la kwanza, alikuja kuchukua kitambaa chake cha gauni la harusi kabla hakijakatwa. Akamshika mama mkono kama anayeshika yai, akamwambia apumzike, kazi amefanya ya kutosha. Siku hiyo mama alikaa mbele ya cherehani bila kuikanyaga. Nilipomuuliza, akasema labda ushonaji wake umechuja na watu wanaona haya kumwambia. Sijawahi kumsikia akijisema hivyo, na iliniuma sana.

Wiki hiyohiyo niliitwa kutengeneza friji kwenye duka la dawa. Nilipoinua kichwa kutoka nyuma ya friji, mikono ya mama ilikuwa ukutani, kwenye bango la mafuta hayohayo ya kuchua, mikubwa kama mlango. Vidole vilevile, alama ya pasi ileile, ila sindano haipo. Walikuwa wameifuta, na uzi wake, na gauni. Mkono uliobana sindano, ukiiondoa sindano, unaonekana umekakamaa kwa maumivu. Chini wameandika kwa herufi nene: Vidole havikunjuki tena? Nilisahau bisibisi yangu ndani ya friji ya watu.

Hapo nikaelewa upole wa wateja. Kila aliyewahi kupimwa na mama anaijua alama ile ya pasi.

Niliwaandikia wenye dawa. Wakanijibu kwa mistari miwili: picha waliikuta mtandaoni, iko wazi kwa kila mtu, na mhusika hatambuliki. Mtaa mzima ulikuwa umemtambua, isipokuwa yeye mwenyewe, maana dawa hanunui na dukani kwake hatoki. Nilipomweleza, akataka kujua ofisi yao iko wapi. Nilimwambia nitakwenda peke yangu. Akasema mikono ni yake, atakwenda nayo.

Ofisi iko ghorofa ya tatu, viti vinazunguka, na bango letu limetundikwa pale kwa fahari nyuma ya meza ya meneja wa masoko. Mtu mwenyewe ni mpole, ametukaribisha vizuri, hilo siwezi kumnyima. Nikamwekea mezani picha yangu nzima, yenye sindano. Akaanza maelezo marefu kuhusu mtandao na mambo yanavyokwenda siku hizi. Mama hakuwa anamsikiliza. Alikuwa anaangalia koti lake, kifungo cha kati kinaning'inia kwa uzi mmoja. Akamwomba alivue. Meneja alisita, akanitazama mimi, akalivua.

Unajua dada yako hatembei bila sindano kwenye ukosi. Alitunga uzi mara moja tu, bila miwani, akakishona kifungo taratibu. Alipomaliza akakata uzi kwa meno, akamrudishia.

"Koti lako nimeliomba," akamwambia, "na lilikuwa wazi mbele yangu tangu nilipoingia. Mikono yangu mlimwomba nani?"

Meneja alikiangalia kifungo, akaliangalia bango, akavuta karatasi akaanza kuandika. Tuliondoka pale na ahadi iliyopigwa mhuri: mabango yanashushwa, maboksi yanabadilishwa, na kila duka la dawa linapelekewa barua kwamba mikono ile ni ya fundi mzima anayeshona kila siku. Mabango yalishuka wiki ileile, nimezunguka kuhakikisha kwa macho yangu. Hayo maboksi yaliyofika kwenu ni ya zamani. Waliomba pia waendelee kuitumia picha kwa makubaliano. Mama alikataa katakata. Mengine yaliyobaki, pamoja na fidia, yako kwa wakili mmoja wa kikundi chetu, naye hana mzaha. Tumegundua si sisi tu. Mwalimu wa hisabati, yeye hupiga mawingu, amekuta mawingu yake kwenye mfuko wa godoro. Tumeshafika kumi na wawili, tunaandika madai pamoja, na sioni hao waliochukua picha zetu watatokea wapi.

Sasa nikuambie ambalo sijamwambia mtu mwingine. Tukishuka ngazi zile nilikuwa najigamba, nasema watu hawa hawana adabu, wanachukua tu. Mama akasimama katikati ya ngazi, mkono kwenye reli.

"Na wewe uliniomba lini?"

Mpaka tunafika chini nilikuwa nahesabu kichwani. Nilikuwa na picha zake arobaini na moja mtandaoni, na hakuna hata moja niliyomwambia kabla ya kuiweka. Niliona aibu, Mama Mdogo, aibu ya kweli.

Siku hiyohiyo niliziondoa zote. Wateja wamerudi, na yule mwalimu wa nyumba ya pili amerudi na kitambaa chake, gauni liko kwenye pindo hivi sasa. Leo asubuhi tumekaa mimi na mama, namwonyesha picha moja moja, naye anakubali au kukataa kwa kidevu. Ile ya sindano amekubali irudi, kwa sharti iandikwe kwamba huyo ni fundi na yuko kazini. Nyingi amezikataa, hasa zile anazoonekana anakula.

Tukafika kwenye picha moja ya siku ile uliyoondoka huku. Mko kituo cha basi, kichwa chako kiko begani kwake, macho yamekuvimba, naye amekukumbatia pamoja na begi. Mama aliitazama muda mrefu. Akasema hii haihitaji mtandao, anaitaka ukutani juu ya cherehani. Nikaleta nyundo, nikapigilia msumari, nikanyoosha mkono kuichukua. Akaitia kwenye droo.

"Huyu naye ana uso wake," akasema. "Muulize kwanza."

Basi nakuuliza. Nakala ndiyo hiyo humu ndani. Najua siku ile hukutaka mtu akuone ukilia, na mimi nilikuwa nyuma ya nguzo na kamera yangu, sikukwambia. Unisamehe. Ukikataa nitaifuta, wala hakuna atakayenuna. Ukikubali, andika nyuma yake kwa mkono wako, uirudishe.

Msalimie Baba Mdogo, na redio yake. Mwambie binamu dereva akisikia habari za shangazi yake aanze kwa kutuuliza sisi. Muuguzi mpe shukrani zetu. Mafuta hayajapotea, mama ananichua nayo mgongo, na nakiri yanasaidia. Mungu akutunze, akupe usingizi mtulivu na goti jepesi, na atukutanishe tukiwa wazima.

Msumari uko ukutani peke yake. Mama kila akiinua macho kutoka kwenye pindo, anautazama.

Wako akupendaye,
mwanao Barafu