Umeme Umerudi Kwangu, Sijamwambia

Bibi Huguette mpendwa, mshauri wetu wa gazetini,

Nakuomba unisaidie upesi kabla barafu haijayeyuka, maana nikishatoka hapa nilipo sitakuwa na ujasiri wa kuuliza. Nina miaka sitini na minne, sijawahi kuolewa, polio ilinishika miguu nikiwa na miaka tisa, ndani natembea kwa magongo na nje natumia kiti cha magurudumu, na kwa miaka kumi na moja nimeishi peke yangu hapa Sainte-Odalie katika nyumba niliyoipigania, kwa sababu ndugu zangu walitaka kunipeleka kwenye nyumba ya wazee nikiwa na miaka hamsini na tatu tu, nikawakatalia, nikatafuta fundi akanishushia meza za jikoni na swichi za taa, akanijengea mteremko wa mbao mlangoni, na tangu hapo mimi ni malkia.

Halafu ikaja hii mvua. Wewe unaijua, imetupata sote, siku tano maji yananyesha na kuganda papo hapo, nyaya zikanenepa kama mkono wangu, nguzo zikalala barabarani, matawi yanakatika kwa mlio wa bunduki, na mteremko wangu ukawa kioo, siwezi kutoka, na hita zangu zote ni za umeme. Siku ya nne nilikuwa nimevaa makoti mawili na kofia mezani. Wanajeshi wakaja wanipeleke ukumbi wa shule, nikawauliza vitanda vyao vimeinuka kiasi gani kutoka sakafuni, askari mmoja akanionyesha chini ya goti, nikamwambia, mwanangu, nikilala hapo mtaniinua kwa winchi, siendi.

Haikupita saa moja akaja Adélard, mgane mmoja anayekaa nyumba ya nne kutoka kwangu, ng'ambo ya njia panda, kazi yake kuchemsha utomvu wa miti mpaka uwe mzito na mtamu kama asali, na miaka yote hiyo tulikuwa tunasalimiana tu baada ya misa. Alikuwa anavuta sleji, kile kigari kisicho na magurudumu kinachoteleza juu ya barafu, anachobebea mapipa ya utomvu, amejifunga misumari chini ya viatu.

Akasema, "Bi Fleurette, unapanda mwenyewe au nikufunge kamba kama kuni?"

Nikasema, "Nifunge vizuri basi, nisimwagike njiani."

Bibi Huguette, sasa ni siku ya kumi na saba niko kwake. Ana jiko la kuni, ana supu ya njegere ambayo anaitia nyama ya chumvi mpaka ulimi unakauka, na karata anacheza vibaya lakini hakubali. Mlango wa choo chake ulikuwa mwembamba kwa magongo yangu, akaung'oa, akatundika pazia, na kila nikiingia yeye anakimbilia jikoni kugonga masufuria kwa kelele zote ili nijue hanisikii, sijawahi kuona heshima ya namna hiyo. Wiki iliyopita tunamenya viazi akaniuliza, "Fleurette, ukikaa hapa moja kwa moja itakuwaje?" Mimi nikadhani anasema pale karibu na jiko, nikamjibu nitasogea tu, hakuna shida. Akawa mwekundu kama bitiruti, akasema, "Sisemi kiti, nasema mimi." Nikamwambia nitafikiri.

Sasa dhambi yangu ni hii. Jumanne Carmelle, jirani yangu, alipiga simu, umeme umerudi upande wetu, ingawa huku kwa Adélard bado. Nikamwambia Carmelle, ukimwambia mtu sikuongeleshi mpaka Pasaka. Leo ni Alhamisi, sijasema kitu, nakula supu ya mtu kwa uongo, na barua hii ataipeleka posta yeye mwenyewe, nimemwambia ni ya dada yangu. Nampenda au napenda moto wake? Na nikimkubali, nyumba yangu je? Kwake kuna ngazi nne, nikitaka kutoka lazima nibebwe, na nilishaapa sitabebwa tena na mtu. Nikisema ndiyo naogopa, nikisema hapana nalia. Nambari ya simu ya hapa kwake nimeiandika nyuma.

Wako,
Fleurette

*

Fleurette, ndugu yangu,

Barua yako nimeipata Jumatatu. Nimecheka, halafu nikaruka kitini. Mabomba! Nyumba imeganda siku nyingi, umeme umerudi tangu Jumanne, barafu inayeyuka ndani ya mabomba yaliyopasuka, na wewe uko kwa watu unacheza karata! Ndiyo maana sikungoja gazeti, nikapiga ile nambari.

Akapokea mwanamume. Nikajitaja, nikamwomba akupe simu. Akanong'ona, "Mama, kama unataka kumwambia umeme umerudi kwake, nakuomba ungoje angalau mpaka kesho."

Kumbe Adélard anajua. Kila asubuhi ulipodhani anatafuta kuni, alikuwa anapita kwako kuangalia nyumba. Jumanne akakuta hita zinawaka na maji yanachuruzika chini ya sinki, akafunga koki, akapiga deki, akabadilisha kipande cha bomba, kisha akazima taa ya barazani usije ukaiona ukiwa dirishani. Nikamwambia, "Nenda kamwambie mwenyewe, mzee mzima wewe." Nikamsikia anakuambia, halafu mkacheka nyote wawili mpaka mkanisahau kwenye laini. Majina yenu nimeyaacha gazetini kama yalivyo, kwa ruhusa yenu.

Sasa sikiliza. Kudanganya kwa sababu ya penzi bado ni kudanganya, na mwenye magongo hana msamaha wa pekee hapo. Lakini woga wako nauheshimu. Umeulinda uhuru wako kwa meno, na hakuna supu inayostahili kuununua, hata ikipunguzwa chumvi. Umeniuliza kama unampenda yeye au moto wake. Hilo hutalijua ukiwa umekaa kando ya jiko lake.

Kwa hiyo rudi nyumbani leo, mchana, kabla barabara haijaganda tena. Mteremko wako umwagiwe chumvi na majivu, na Carmelle awe hapo. Weka kuni, taa za mafuta na blanketi mahali mkono wako unapofika, na mpatane na Adélard kwamba nguzo zikianguka tena anakuja siku ya kwanza, si ya nne. Nyumba usiuze wala usipangishe, hata ukivaa pete. Akitaka kukuposa aje mezani kwako, meza ile fupi, akunje magoti yake marefu, aone mtu anavyojisikia dunia ikiwa haikujengwa kwa kimo chake. Na kwake ajenge mteremko kwanza, upana wa kiti chako na kiganja kila upande. Asiposhika msumeno, umeshapata jibu.

Akishika, bado usimjibu. Ngoja Machi, utomvu utakapoanza kutiririka. Atakuwa anachemsha mchana kutwa kwa wiki tatu, macho yamevimba kwa moshi, hasira mkononi, hana supu ya kukupa wala muda wa kukubembeleza. Nenda ukakae naye kwa muda wa saa mbili katika hali hiyo. Ukirudi kwako jioni, kwenye nyumba yako yenye joto lake lenyewe, ukakuta bado unamtaka, mpigie simu umwambie ndiyo.

Huguette