Ongeza Miongo Sita

Ami Sefu,

Barua hii haina anwani, na wewe ulikuwa mtu wa kuilaumu posta hata pale anwani ilipokuwepo. Basi naandika tu. Nimekalia ndoo iliyofunikwa, nyuma ya tangi la maji la bosi wangu hapa Riyadh, mahali ambapo madam hafiki kwa sababu ya mbu. Nina jambo la kukuungamia. Unalijua, hilo nimeshaambiwa, lakini niache niliseme kwa mdomo wangu.

Ile miche ya mumunye ya mwaka jana ilikufa yote. Haikufikisha majani manne. Na ile picha niliyokutumia mwezi wa nne, nikakwambia tazama Ami, wajukuu wako wamechangamka, yalikuwa maboga ya Saleh yaliyochanua, yule Myemeni anayetunza bustani ya nyumba ya pili. Nilipanda juu ya matofali mawili nikapiga picha kupitia ukuta wa watu.

Wewe ulijibu kwa sauti, polepole: "Mashallah, Mtaita. Yamestawi." Kisha ukaniuliza habari za mgongo wangu. Nikajipongeza kwamba nimekupiga chenga. Mtu wa kwetu akimdanganya mtu mzima na asigombezwe, ajue bado anasubiriwa.

Nakumbuka ulivyonipata. Nilikuja nchi hii kama dereva, na kazi ya dereva wa nyumba ni kungoja. Pale Al-Safa, Jeddah, nilikuwa nangoja madam amalize kuvaa, nawe unamwagilia, ukanitazama wiki nzima kama mtu anayetazama kiti kilichovunjika. Siku ya nane ukanipa mpira wa maji. Miaka minne baadaye nilikuwa najua kupogoa kuliko kuegesha gari, na ndugu yake bosi aliponitaka huku Riyadh, alinitaka kama mtunza bustani. Ikama yangu, kile kibali cha kuishi, ikahama, nami nikahama nyuma yake.

Siku ya kuondoka ulinipa mbegu kumi na mbili, zimefungwa kwenye kitambaa. Mama yako alizitoa Makunduchi mwaka ule wa sitini na nne, fundo kwenye pindo la kanga, akiwa na watoto watatu na bila sufuria. Kila Ijumaa nilikula mumunye lake kwenu, mkeo Bi Zuwena akilipika kwa nazi, nami sikuwahi kujiuliza linavyokuwa kabla ya sufuria. Mimea yenyewe ilikuwa kwenye mapipa juu ya dari. Nilipanda huko mara mbili tatu, mchana, nikaona majani na jua, nikarudi chini kula.

Na yale makopo yako mawili! Moja limejaa kokwa za tende, jingine tupu. Kila siku kumi zikipita tangu Nairuzi, mwaka mpya wenu wa Makunduchi, yaani mwongo mmoja, kokwa moja inahama. Kokwa thelathini na sita, na siku tano za ziada ambazo ulisema ni za kupumzika, ingawa sikuwahi kukuona ukizipumzika. Nilikuuliza kwa nini usitumie kalenda ya ukutani kama binadamu. Ukasema kalenda inakwambia leo ni tarehe ngapi, haikwambii umebakiwa na nini.

Tulibishana sana juu ya hilo. Mimi nikasema bibi yangu kule Taita alipanda maharagwe wiki tatu kabla ya Pasaka na tulikula. Ukaniambia, "Sikukuu yenye miguu haipandiwi mbegu." Nikadhani unaisema Pasaka kwa kuwa si yako. Ukaongeza kwamba hata Idd unaiheshimu mno, lakini inatembea, mwaka huu iko kwenye joto, ukizeeka utaikuta kwenye baridi. Nairuzi tu ndiyo imekaa kitako, mwezi wa saba, iliyoletwa na Waajemi au na nani sijui, watu wa Makunduchi wakiipokea kwa kupigana mabua ya migomba. Mumunye, ukasema, ni mwongo wa kumi na nane. Kokwa kumi na nane zikihama, chomeka mbegu ardhini.

Basi Ami, nilihesabu. Hapo ndipo penye aibu yangu, kwamba sikukosea hesabu. Kokwa ya kumi na nane ilihama katikati ya Januari, siku ilikuwa na jua zuri, nikapanda zote kumi na mbili kwa mstari kama mtu anayefanya mtihani. Zikaota. Siku ya tisa tangu ziote ukaja upepo kutoka kaskazini, asubuhi maji ya kwenye ndoo yalikuwa na ngozi ya barafu, na miche yako imelala chini, myeusi, kama mboga iliyosahauliwa jikoni. Nilikuwa nimepanda Riyadh kwa saa ya Jeddah. Na Jeddah yenyewe ulikuwa umeilinganisha na Makunduchi miaka hamsini, kokwa kwa kokwa, kazi ambayo mimi niliiona ni ya kawaida tu kwa sababu nilikuta imekwisha.

Saleh alicheka nilipomwonyesha. Hapa, akasema, watu huhesabu nge watatu. Nge wa kwanza ana sumu, wa pili ana damu, wa tatu ana mafuta. Hao si wadudu, ni siku za baridi zinazofuatana tangu mwezi wa pili, na hakuna anayetoa mche nje mpaka nge wa mafuta apite. Yuko pia Shaaban, Mmisri wa kule kwenye kitalu cha miche tunakonunua mbolea. Yeye kwao wana sikukuu ya machipuko wanayokula samaki wa chumvi na vitunguu, na anaapa ilianza kwa Mafirauni. Nikawaambia sisi tuna Nairuzi. Shaaban akasema hiyo ni ya Waajemi, tumeazima. Nikamjibu kwamba hata yeye samaki wake ananuka kama aliyeazimwa kwa Firauni mwenyewe. Ungeyapenda mabishano yale. Nilikuwa nayakariri nikupigie, halafu nakumbuka kwamba nikikupigia utauliza mumunye.

Ndiyo maana mwaka jana simu zangu zilipungua, Ami. Haikuwa kazi.

Ulipofariki Januari walikuzika siku ileile, nami bosi aliniachia siku ya tatu. Nikapanda basi la Jeddah. Nilikuta tanga linavunjwa, mikeka inakunjwa. Nikapanda juu kwenye dari. Mapipa yalikuwa makavu. Katika wiki zako za mwisho kitandani hakuna aliyekumbuka kumwagilia, nani angekumbuka, na kopo lako la mbegu lilikuwa tupu. Nikasimama pale na hesabu moja tu kichwani: kumi na mbili za mwisho nilizipata mimi.

Nilikwenda kumpa pole Bi Zuwena. Yuko eda, nikazungumza na pazia. Nikajikuta namwambia yote, barafu, ukuta, maboga ya Saleh. Akasema, "Ami yako alijua. Maua ya maboga manjano, ya mumunye meupe, tena hufunguka wakati wa Magharibi. Alicheka mpaka akakohoa. Kesho yake akazunguka msikitini akiuliza Riyadh hupandwa lini, mpaka akampata mtu wa huko Najdi."

Mkono wa binti yako Rukia ukatoka na karatasi iliyokunjwa. Mbegu tisa. Juu yake hati yako ile ya kupinda: *Za Mtaita, za kurudia. Huko ongeza miongo sita.*

Ulizitenga mwezi wa nne, Ami. Ukazikalia miezi tisa ukiningoja niseme. Na mimi kila wiki nakuuliza hali ya hewa ya Jeddah.

Kokwa zako ziko nami sasa. Ya kumi na nane ilipohama nilikuwa kwenye basi la kurudi, karatasi iko mfukoni, mkono unaniwasha kupanda kwa uchungu tu. Sikupanda. Nikahamisha sita nyingine, moja moja. Ya ishirini na nne ilihama wiki ileile Saleh alipokuja ukutani kuniambia nge wa mafuta anaondoka. Hamkupata kuonana, wewe na yeye, lakini mmefika siku moja.

Zimeota saba. Jana jua lilipokuwa linatua nilikuwa hapa juu ya ndoo yangu, na ua moja likafunguka, jembamba, jeupe kama karatasi ya sigara. Nilitoa simu nipige picha. Kisha nikairudisha mfukoni. Ningemtumia nani?

Lala salama, Ami. Eda ya Bi Zuwena inaisha mwisho wa mwezi huu, naye pia anahesabu siku zake. Siku atakayotoka nitakuwa mlangoni na mumunye la kwanza, na nazi nimeshanunua. La pili silili, wala halipikwi. Litakauka kwenye mmea wake mpaka lilie kwa ndani likitikiswa, na mbegu zake zitarudi kwenye mapipa ya darini kwenu, ambayo nitayajaza udongo mwenyewe. Huko nitapanda mwongo wa kumi na nane. Huku wa ishirini na nne. Na zikifa, nitasema zimekufa.

Mtaita wako,
Mwakio