Gololi za Baiskeli

Jumanne

Nimerudi mikono mitupu. Nguruwe pori wanamaliza mahindi yangu, na gobore bila gololi za kupakia ni fimbo tu. Baruti ninayo, kibali ninacho, lakini gololi hakuna Mgori nzima.

Fundi baiskeli alinicheka. "Mdogo wako Shabani alipita jana akabeba zote. Hakukwambia?"

Hakuniambia. Shabani hana baiskeli, aliiuza. Mwaka huu hata hakulima. Na gobore lake alituapia kwamba amelisalimisha kwa mtendaji.

Nilikutana naye njiani nikirudi. Tangu tugawane shamba la baba hajanisalimia, hata msibani. Leo alisimama, akatabasamu.

"Shikamoo kaka. Bado unalala shambani?"

Nikaitika marahaba. Nikamwambia ndiyo, kabla sijafikiri.