Mguu wa Bi Mawe

Nyamongo, 3 Machi 1993

Mwanangu Wegesa,

Hujambo huko Nairobi? Kifua kimepona? Mimi nakuandikia nimelala, usishangae mwandiko. Duara letu la dhahabu lilititia Jumatano iliyopita. Nilikuwa mdomoni mwa shimo navuta kamba, ardhi ikaondoka chini yangu. Hakufa mtu, lakini mguu wangu ulibanwa na nguzo ukavunjika. Daktari anasema utaunga vibaya, nitachechemea mpaka kaburini.

Sitaki hela. Tangu baba yako afie shimoni, ni mwanamke gani mwingine hapa mwenye duara lake na kinu chake cha kusagia mawe? Nataka wewe. Sina mtoto mwingine. Njoo ukae nami mpaka nisimame. Heche wa mjomba wako atakupokea Sirari.

Mama yako,
Waisiko

Nairobi, 29 Machi 1993

Shikamoo Mama,

Pole, pole tena. Nililia nikisoma, mpaka wenzangu wakaniuliza nimefiwa na nani. Lakini sasa siwezi kutoka. Unajua nilivyoanza: kwaya ya Nyamwaga, kisha Mzee Stanslaus akanileta huku kwenye kikundi chake cha opereta, michezo ya kuimba. Miaka sita nimeimba mstari wa nyuma. Nimebeba trei jukwaani, nimekuwa mti, nimekuwa mke wa tatu asiyesema neno. Leo ndiyo mara ya kwanza napewa kuigiza mtu mwenye jina. Nikiondoka wiki hii, sehemu hiyo anapewa mwenzangu Lilian, na Lilian akishika kitu haachii.

Nitakuja mwezi wa sita. Nimempa Heche blanketi akuletee.

Binti yako,
Wegesa

Nyamongo, 5 Julai 1993

Wegesa,

Hujambo. Blanketi lilifika, ni zito. Mwezi wa sita umepita. Kila gari lililotoka Nyamwaga nililiangalia mpaka abiria wa mwisho akashuka. Sasa natembea, kwa namna yangu. Usijisumbue tena.

Mama yako

Nyamongo, 12 Septemba 1994

Wegesa,

Leo sianzi na salamu. Nikipoa nitaziweka mwisho.

Heche ametoka Nairobi. Alikuja kinuni, watu wamejaa wanasubiri zamu ya kusaga, akacheka mpaka akakaa juu ya kifusi. "Shangazi, nimekuona Nairobi!" Nikamwambia, mura, kijana wangu, mimi Nairobi sijakanyaga. "Nimekuona! Kitenge kichwani, unagombana na mnunuzi wa dhahabu kwa kuimba, unachechemea huku, unachechemea kule, watu wanashika mbavu. Ni Wegesa, shangazi. Amekuwa wewe!"

Kwa hiyo nafasi ya kuja kuuona mguu wangu ulikosa, ya kuuvaa ukapata.

Maneno yangu chukua. Hata lile la kumwambia mnunuzi mizani yake ina mimba, Heche anasema linakuletea makofi, haya, kula nalo. Lakini mguu uache.

Sijapoa. Salamu hakuna.

Mama yako

Nairobi, 2 Oktoba 1994

Shikamoo Mama, hata kama huipokei.

Heche hakukwambia mchezo unavyokwisha. Opereta siyo kejeli. Watu wanaimba yale ambayo wengine wangeyasema tu, wanachekesha, na mwisho kuna harusi. Mchezo wetu unaitwa Harusi ya Machimboni. Bi Mawe, huyo ninayemwigiza, hatapeliwi na mtu. Anawashinda wote.

Lakini kwenye mazoezi niliimba maneno yako yote, watu wakapiga miayo. Siku niliyochechemea wakacheka, na walipocheka ndipo wakaanza kunisikiliza. Nimejifunza mwendo huo mbele ya kioo mpaka nyonga ikauma. Mguu huo ndio ulionitoa mstari wa nyuma, na mstari wa nyuma sirudi.

Na wewe, Mama, uliwahi kuja hata siku moja kunisikiliza? Mchungaji alipokuuliza binti yako anafanya kazi gani, ulimwambia nashona nguo. Heche alinieleza.

Desemba tunakuja Tarime mjini. Nimekuwekea kiti cha mbele.

Binti yako,
Wegesa

Nyamongo, 25 Oktoba 1994

Wegesa,

Usije.

Huko unachekesha watu wasionijua. Watakaojaa ukumbi wa Tarime ni wenye maduara wenzangu, ambao tangu nishike kamba ya baba yako wanasubiri nianguke wagawane shimo. Vijana arobaini wananisikiliza hapa kwa sababu hawajawahi kunicheka. Wakinicheka siku moja, siku ya pili mawe yangu yanaondoka kwenye magunia na hakuna atakayesema aliona. Kesho yake kila mmoja atachechemea nyuma yangu.

Ukipanda jukwaa la Tarime na mguu huo, mlango wangu usiukanyage.

Mama yako

Nairobi, 16 Novemba 1994

Shikamoo Mama,

Natumaini u mzima. Tiketi zimekwisha kuuzwa. Bi Mawe ni mimi. La mlango nimelielewa. Kiti kipo.

Wegesa

Nyamongo, 19 Desemba 1994

Wegesa,

Sikuulizi hali, nilikuona mwenyewe juzi. Umenenepa.

Nilikuja. Kiti cha bure sikukitaka, nililipa mlangoni nikakaa nyuma kabisa. Nianze na haki yako: unaimba. Pale ulipobaki peke yako ukamlilia mume aliyefia shimoni, mama mmoja nisiyemjua alinishika mkono, na sikuutoa. Kwenye mizani yenye mimba nilicheka. Usimwambie Heche.

Halafu ukachechemea. Ukumbi ukalipuka. Niliwaona wenye maduara wakigeuza shingo kunitafuta. Basi nikasimama wanione vizuri. Nikatembea katikati ya viti, polepole, maana mbio sina, mpaka chini ya jukwaa. Watu wakapiga makofi, wakadhani nimo kwenye mchezo. Wewe uliacha kuimba. Kinanda kikaendelea peke yake, nawe unaangalia miguu yangu. Niliona kwamba umeona. Nikageuka, nikatoka, gari la Nyamongo halisubiri mtu.

Mbovu ni wa kushoto, Wegesa. Wewe ulichechemea wa kulia. Nairobi nzima imeucheka mguu wangu mzima.

Katika barua sikukwambia ni upi. Nilidhani utakuja uone.

La mlango sijalifuta. Ulipanda, ulichechemea, mimi ni mtu wa neno moja. Kama utakuja kugonga, gonga ukijua hivyo.

Leo asubuhi kinuni mambo yalikuwa kama nilivyosema. Nilipopita na ndoo nilisikia vicheko, nikageuka ghafla. Vijana watatu walikuwa nyuma yangu wanachechemea, wa mbele amejifunga gunia kichwani kama kitenge. Wakaganda. Nikawatazama miguu, mmoja mmoja. Wote watatu walikuwa wanauburuta wa kulia.

Nikawaacha waendelee. Si mimi waliyekuwa wanamwiga.

Mama yako,
Waisiko