Sauti Mbili Kichwani mwa Nekesa

Jumamosi, 7 Juni

Mazoezi kama kawaida. Mimi nampangia Nekesa mipira kwenye nyasi, yeye anapiga, mimi nasema. Kichwa chini. Bega. Usikimbilie. Miaka sita sasa, tangu akiwa na miaka tisa na fimbo ya gofu ikimfika kifuani.

Leo mipira yote ilipinda kulia. Mashindano ya vijana yako mwisho wa mwezi. Ya mara iliyopita aliharibu karibu na shimo, mipira mifupi ambayo hata mimi siikosi. Alilia garini mpaka nyumbani.

Nimetafuta kocha. Anaitwa Odette, Mkongo wa Bukavu, hufundisha wanawake na watoto hapohapo uwanjani. Anaanza Jumatano. Mimi ndiye niliyemtafuta. Niliandike hilo.

Jumatano, 11 Juni

Nilifunga duka langu la Kikuubo, hapa Kampala, mapema, nikamchukua Nekesa shuleni. Kocha Odette alikaa muda mrefu pembeni. Alitazama tu. Halafu akamuuliza mtoto anahisi nini mikononi anapopiga. Nekesa akanigeukia mimi kabla ya kujibu. Kocha aliliona.

Alimpunguzia mipira. Mimi humpa ndoo nzima. Yeye alimpa michache, kila mpira na mti wake wa kulenga. Pumua, amua, piga. Kisha akapanga mingine kuzunguka shimo: ukikosa mmoja, unaanza upya. Nekesa alianza upya, akaanza upya. Nikamwambia asogeze mguu wa kushoto. Kocha akaokota mipira yote, akasema leo inatosha.

Nimeudhika. Sikuelewa.

Jumamosi, 14 Juni

Leo nimeelewa.

Kocha aliniita pembeni, karibu na bomba la maji. "Baba Nekesa, usikasirike. Vile ulimufundisha ni muzuri. Lakini mutoto anasikia sauti mbili mu kichwa. Moja ipumuzike kwanza." Aliniomba nisije mazoezini mpaka mashindano yaishe.

Nilicheka. Nikamwambia mimi ndiye baba yake. Akasema anajua. Nikamuuliza hayo ni mawazo ya nani. Akafuta mikono kwenye kitenge chake, akafuta tena.

"Ni ye mwenyewe aliniomba. Alishindwa kukuambia."

Nekesa alikuwa mbali, ametupa mgongo. Nilienda kumsubiri garini. Tumerudi nyumbani Kyebando, redio ikiwa juu.

Jumapili, 15 Juni

Kanisani. Sikumbuki mahubiri.

Mama Nekesa ameniuliza, "Si ulitaka ashinde?"

Nilitaka. Nilitaka ashinde nikiwa pale.

Jumatano, 18 Juni

Nimempeleka mpaka getini, nikabaki nje. Kutoka hapo huoni kitu. Korongo wale wakubwa juu ya miti, wachafu, hawana haraka. Nilijaribu kusikia mlio wa fimbo nijue kama kapiga sawasawa. Boda zilipiga kelele sana.

Alitoka anacheka na Kocha. Cheko la nguvu, la tumboni. Alipofungua mlango wa gari akaacha kucheka.

Sijaumia hivi tangu nimzike mama yangu.

Jumatano, 25 Juni

Jioni. Nilimsikia jikoni akimsimulia mama yake. Kamaliza duara lote la mipira bila kukosa hata mmoja, na si mara moja. Sasa anafunga macho kabla ya kupiga, anauona kwanza mpira unavyoingia. Sauti yake ilikuwa juu, ya furaha.

Nikaingia. Akanyamaza. "Karibu chai, Baba."

Kama mgeni.

Jumamosi, 28 Juni

Niliahidi sitaenda. Mama yake akaenda naye. Mimi nikafungua duka. Mteja wa Kawempe alitaka katoni za sabuni, nikampa za mafuta. Saa tano nikafunga.

Niliingia kwa upande wa miti, nikasimama nyuma ya shina kubwa. Nilikuwa nitazame shimo moja tu, niondoke.

Akaja. Alisimama tofauti. Mabega yamelegea, hana haraka. Sikumfundisha kusimama vile. Akapiga, na mpira ukapinda, ukaingia mitini, kwangu. Nilichuchumaa kichakani kama mwizi. Nekesa akafuata peke yake, wenzake wakisubiri kwenye nyasi. Alikuwa karibu, ningenyoosha mkono ningemgusa.

Mpira ulikuwa umelala vibaya kati ya mizizi. Alikuwa na hofu, nilimsikia anavyohema. Nilifunga mdomo kwa kiganja. Kisha akaanza kujisemesha, chinichini.

"Pole pole, mama. Usiogope. Pumua kwanza."

Kwa lafudhi ya Bukavu, na lile "mama" la Kocha. Mtoto wangu, Mbukusu, aliyezaliwa Bungoma, Kenya. Miaka sita ya maneno yangu, na hapo penye hofu hakulitafuta hata moja.

Akaupiga chini chini, chini ya matawi, ukatoka safi. Akaondoka. Nilibaki nimechuchumaa mpaka magoti yakakataa. Sikungoja mwisho.

Mama yake alipiga simu baadaye. Wa pili. Hajawahi hata kukaribia. Nikashangilia kwenye simu, nikaikata, nikalia hapo dukani, mlango umefungwa.

Jumapili, 29 Juni

Mvua. Hatukuenda kanisani. Nekesa aliamka akiwa na njaa, akala chapati, akaanza kunisimulia bila kuulizwa. Shimo la kwanza mpaka la mwisho. Mara ya kwanza mwezi huu. Nilikaa kimya kabisa, nisimkate.

Akafika kwenye miti. Akasema hapo ndipo aliogopa zaidi. Nikamuuliza, "Ukafanya nini?" kama mtu asiyejua. Akanieleza. Ya kujisemesha hakuyataja.

Kisha akaniuliza, "Baba, wewe ungeupiga vipi?"

Ningechukua fimbo nyingine. Ningefungua uso wa fimbo kidogo, niupandishe mpira juu ya matawi. Nilijua vizuri kabisa.

"Sijui," nikasema.

Alinitazama kidogo. "Basi Jumatano nitamuuliza Kocha."

"Muulize."

Nikamwongezea chai.